Somo la patholojia lisiishie kwenye orodha ya magonjwa

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nitoe maoni yangu kuhusu namna somo la kwanza la patholojia, yaani elimu ya jinsi magonjwa yanavyouharibu mwili, linavyofundishwa katika vyuo vyetu vya kati vya afya. Wananchi wengi hawajawahi kulisikia, kwa sababu habari za vyuo hivi zikiandikwa huwa ni za ada, udahili au ajira. Hata hivyo ndilo somo linaloamua kama tabibu atakayepangiwa zahanati ya kijijini ataelewa kinachoendelea ndani ya mwili wa mgonjwa aliyeketi mbele yake, au atakuwa anaoanisha tu dalili na jina la dawa.

Vijana wanaojiunga na masomo ya utabibu wengi wao wamemaliza kidato cha nne na kufaulu Baiolojia, Kemia na Fizikia, na husoma miaka mitatu hadi kupata stashahada. Huanza na anatomia na fiziolojia, yaani mwili ulivyojengwa na unavyofanya kazi ukiwa mzima. Kisha huingia kwenye patholojia, ambako wanapaswa kujifunza mwili huohuo unavyoharibika: seli inavyojeruhiwa na kufa, tishu inavyoitikia jeraha, damu inavyoganda mahali isipotakiwa kuganda, maji yanavyotoka kwenye mishipa na kujaa kwingine, na seli zinavyozaana bila mpaka hadi kuwa saratani. Ni mambo machache, lakini karibu kila ugonjwa umesimama juu ya mojawapo au mawili kati ya hayo, na mwanafunzi aliyeyashika vizuri haanzi upya kila anapokutana na jina geni la ugonjwa.

Kinachofanyika katika madarasa mengi ni kugawa vitini. Kitini kimerudufiwa kutoka kitini kingine, ambacho nacho kilirudufiwa kutoka cha mkufunzi aliyekwisha kustaafu, hadi mchoro wa chembe nyeupe ya damu umebaki doa jeusi ambalo mwanafunzi analinakili kwa uaminifu kwenye daftari lake. Ndani yake mna majina ya magonjwa, na chini ya kila jina mna visababishi, dalili, vipimo na madhara, vyote vikiwa vimepewa namba. Mwanafunzi anavikariri, mtihani unamwambia «taja vitano», anataja vitano, anafaulu. Ukimuuliza kwa nini kisababishi kile kinaleta dalili ile, anakutazama kana kwamba umemuuliza swali la somo jingine.

Nitoe mfano mmoja kwa urefu, maana sehemu kubwa ya hoja yangu imo humo. Mgonjwa anafika zahanati miguu imevimba. Mwanafunzi aliyekariri ataanza: moyo, figo, ini, utapiamlo, ujauzito, matende. Orodha hiyo ni sahihi na itampatia alama zote, lakini haimwambii aanze kuchunguza wapi, wala haielezi imekuwaje mambo sita yasiyofanana yalete dalili moja.

Maelezo yake yamejulikana tangu mwaka 1896, pale mwanafiziolojia wa Uingereza, Ernest Starling, alipoonyesha kwamba maji ya damu yamo katika mvutano wa nguvu mbili kwenye kapilari, yaani mishipa midogo kabisa ya damu: msukumo wa damu unayatoa nje, na protini za damu, hasa albumini inayotengenezwa na ini, zinayavuta yarudi ndani. Kiasi kinachobaki nje huzolewa na mishipa ya limfu na kurudishwa kwenye mzunguko. Mguu ukivimba kwa maji, basi ama msukumo umezidi, ama protini zimepungua, ama ukuta wa kapilari unavuja, ama mishipa ya limfu imeshindwa kazi. Moyo uliochoka haupokei vizuri damu inayorudi, damu inarundikana kwenye vena, yaani mishipa inayoirudisha moyoni, msukumo unapanda na maji yanatoka. Figo zilizoharibika huvujisha albumini kwenye mkojo, au hushindwa kutoa chumvi na maji yaliyozidi. Ini lililoharibika kwa muda mrefu halitengenezi albumini ya kutosha. Mguu wa matende, ugonjwa ambao watu wa pwani yetu wanaufahamu tangu enzi za mababu, umevimba kwa sababu minyoo ya Wuchereria bancrofti imeharibu mishipa ya limfu, na yale maji yaliyokuwa yakizolewa kila siku sasa hayana wa kuyazoa.

Mwanafunzi anayeelewa mtiririko huo hupima kwa akili. Hubonyeza kwa kidole gumba juu ya mfupa wa ugoko, akashikilia kwa sekunde chache, kisha akaachia na kutazama kama pamebaki shimo. Shimo likibaki, hutazama mshipa wa shingo mgonjwa akiwa ameegemea mto, kwa sababu mshipa uliojaa humwelekeza kwenye moyo. Huchovya kijiti cha kipimo kwenye mkojo atafute protini. Akiwa mbele ya mama mwenye ujauzito wa zaidi ya wiki 20, hukimbilia kupima shinikizo la damu kabla ya kitu kingine, maana protini kwenye mkojo na shinikizo la juu kwa pamoja ni onyo kwamba kifafa cha mimba kinaweza kuwa njiani. Na kama mguu ni mgumu, ngozi imekuwa nene na haibonyei, hujua kwamba huenda tatizo ni la limfu na ni la muda mrefu. Vipimo vyote hivyo vinawezekana kwenye zahanati isiyo na umeme.

Sasa tuje kwa mtoto mwenye kwashakoo. Naye miguu yake imevimba, na mwanafunzi aliyekariri kwamba uvimbe hutibiwa kwa furosemaidi, dawa ya kukojosha, atafikia dawa hiyo bila kusita. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani unakataza kumpa mtoto huyo dawa za kukojosha kwa ajili ya uvimbe wake. Wataalamu bado wanajadiliana kuhusu sababu zote zinazofanya mtoto wa kwashakoo avimbe, lakini kwa mkufunzi jambo la lazima kulifafanua liko wazi: potasiamu mwilini mwake tayari imepungua, damu ndani ya mishipa inaweza kuwa haitoshi ingawa tishu zimejaa maji, na dawa ya kukojosha inamnyang'anya potasiamu na maji hayohayo anayoyahitaji. Uvimbe wake huondoka kadiri anavyolishwa kwa utaratibu wa matibabu ya utapiamlo mkali. Mwanafunzi aliyefundishwa mchakato ataona hatari hiyo hata kama amesahau ukurasa wa mwongozo. Aliyefundishwa orodha hana pa kuionea.

Jambo la pili linahusu ngozi zetu. Kila kitini cha patholojia kinaeleza inflamesheni, yaani mwitikio wa tishu kwa jeraha au maambukizi, kwa dalili nne zilizoandikwa na Mrumi Celsus katika karne ya kwanza: wekundu, uvimbe, joto na maumivu. Picha zinazoambatana nazo, zikionekana, huwa ni za ngozi nyeupe. Kijana anaingia wodini kwetu, anamkuta mzee mwenye ngozi nyeusi ambaye mguu wake umeshambuliwa na bakteria, anautafuta wekundu na haupati, kisha anaandika kwenye faili kwamba hakuna dalili ya inflamesheni. Kwenye ngozi nyeusi eneo hilo linaweza kuonekana jeusi zaidi, au kuwa na rangi ya zambarau, au kung'aa tu kwa kuvutika. Kama angekuwa amefundishwa kwamba wekundu na joto vina chanzo kimoja, yaani mishipa midogo kutanuka na kuleta damu nyingi pale palipojeruhiwa, angeweka nyuma ya kiganja chake kwenye mguu huo na kulinganisha na mguu wa pili. Joto halifichwi na rangi ya ngozi. Ni vivyo hivyo kwa upungufu wa damu, ambao hutafutwa kwenye viganja, ulimi na upande wa ndani wa kope la chini, na kwa umanjano, ambao hutafutwa kwenye weupe wa jicho, tena kwenye mwanga wa mchana karibu na dirisha wala si chini ya taa. Hili si suala la kulalamikia vitabu vya Ulaya. Viliandikwa kwa wagonjwa wa huko. Ni suala la mkufunzi kusimama darasani na kusema: huku kwetu tazama hapa.

Ningependa pia magonjwa yanayotumika kufundishia yawe yale yanayojaza wodi zetu. Mfano mzuri kupita yote, kwa maoni yangu, ni selimundu, au sikoseli kama wengi wanavyouita, kwa kuwa Tanzania imo miongoni mwa nchi ambako watoto wengi zaidi duniani huzaliwa na ugonjwa huo, na kwa kuwa karibu mambo yote ya msingi ya patholojia yanaweza kufundishwa kupitia kwake. James Herrick wa Chicago alieleza mwaka 1910 chembe nyekundu zilizopinda alizoziona kwenye damu ya kijana mmoja mwanafunzi. Mwaka 1949 Linus Pauling na wenzake wakaonyesha kwamba hemoglobini yenyewe ya wagonjwa hawa, yaani protini inayobeba oksijeni ndani ya chembe nyekundu, ni tofauti. Baadaye ikajulikana kwamba tofauti yote ni asidi amino moja tu, ambapo valini imekaa mahali pa asidi ya glutamiki. Kutoka kwenye badiliko hilo dogo mwanafunzi anaweza kuufuata ugonjwa mwenyewe hadi kitandani. Oksijeni ikipungua, hemoglobini inashikana na chembe inapinda. Chembe iliyopinda inavunjika mapema, ndani ya siku 10 hadi 20 badala ya siku 120 hivi za chembe ya kawaida, na hapo anapata sababu ya upungufu wa damu na macho ya njano. Chembe hizo huziba mishipa midogo, tishu inakosa damu, na hapo anapata sababu ya maumivu ya mifupa yanayomfanya mtoto alie usiku kucha.

Bandama nayo huzibwa mara kwa mara na kufa kidogo kidogo tangu utotoni. Inaweza kuacha kufanya kazi hata wakati ambapo mkono wa mpimaji bado unaigusa ikiwa imevimba. Kwa kuwa bandama ndiyo inayochuja bakteria kama wale wanaoleta nimonia na homa ya uti wa mgongo, mtoto anabaki bila ulinzi. Ndiyo maana hupewa penisilini kila siku hadi afikishe miaka mitano. Mama anayeuliza kliniki, «Mwanangu haumwi leo, kwa nini nimpe antibayotiki?», anastahili jibu hilo. Nimewasikia wanafunzi wa mafunzo kwa vitendo wakimjibu, «Mama, ndivyo mwongozo unavyosema,» na nimewaona akina mama wakikunja kadi na kuondoka. Sina hakika ni wangapi waliendelea kumpa mtoto dawa.

Inafaa wanafunzi wajue pia kwamba elimu hii haikutoka mbali yote. Anthony Allison, aliyekulia Kenya, alifanya utafiti wake katika Afrika Mashariki na kuchapisha mwaka 1954 ushahidi kwamba mtu aliyerithi jeni moja tu ya selimundu hupata kinga fulani dhidi ya malaria kali. Pale Hospitali ya Mulago, Kampala, daktari wa upasuaji Denis Burkitt alieleza mwaka 1958 uvimbe wa mataya uliokuwa ukiwapata watoto. Hakuridhika na kuupa jina. Aliuliza unapatikana wapi na wapi haupatikani, na mwaka 1961 akasafiri kwa gari na wenzake wawili kwenda kusini mwa Afrika, akizitembelea hospitali moja baada ya nyingine, hadi ikaonekana kwamba mipaka ya uvimbe ule inafuata joto, mvua na urefu kutoka usawa wa bahari, takriban mipaka ileile ya malaria. Vipande vya uvimbe vilivyopelekwa London kwa ndege vilimwezesha Anthony Epstein na wenzake, Bert Achong na Yvonne Barr, kuvitambua mwaka 1964 virusi ambavyo leo vinajulikana kwa majina ya Epstein na Barr, na vikawa vya kwanza kuhusishwa na saratani ya binadamu. Virusi, malaria inayochosha kinga ya mwili na jeni iliyohama mahali pake: ugonjwa mmoja, njia tatu zinazokutana. Nikifundisha saratani kwa kuanzia Mulago, darasa huwa macho; nikianzia kwenye tafsiri ya maneno ya kitini, nusu yao huwa wanachati.

Najua pingamizi zitakazotolewa. Ya kwanza ni kwamba muda hautoshi na madarasa yamejaa. Ni kweli, lakini kufundisha mambo machache ya msingi kwa kina hakuchukui muda mrefu kuliko kusoma kwa sauti orodha za magonjwa ambazo mwanafunzi anaweza kuzisoma mwenyewe bwenini. Ya pili ni kwamba lazima mtu akariri. Sibishi, hakuna anayeweza kufikiri kuhusu potasiamu bila kujua kiwango chake cha kawaida, na dozi ya mtoto haibuniwi. Ninachopinga ni kukariri kuwa mwanzo na mwisho wa somo.

Ya tatu ni nzito zaidi, nayo ni uhaba wa vifaa na wataalamu. Patholojia ilijengwa na watu waliolinganisha malalamiko ya mgonjwa akiwa hai na walichokikuta ndani ya mwili baada ya kifo, kama alivyofanya Giovanni Battista Morgagni wa Padua, aliyechapisha kazi yake mwaka 1761, na baadaye Rudolf Virchow wa Berlin, ambaye mwaka 1858 aliushusha mjadala wote hadi kwenye seli. Mwanafunzi wetu wa stashahada anaweza kuhitimu bila kuona uchunguzi wa maiti hata mmoja. Madaktari wa patholojia ni wachache, na ndugu wanataka kuzika mapema, iwe ni kwa maziko ya siku hiyohiyo au kwa sababu ya safari ndefu ya kurudi nyumbani na marehemu, nami siwalaumu. Darubini chuoni inaweza kuwa moja kwa darasa zima.

Kwa hali hiyo, kilicho karibu ni wodi. Hospitali wanakofanyia mafunzo ina wagonjwa kila siku. Ninachopendekeza ni kwamba kila wiki darasa lichukue mgonjwa mmoja halisi, kwa ridhaa yake na bila kutaja jina lake, na wanafunzi watakiwe kuandika kwa sentensi kamili, si kwa vidokezo, mtiririko wote kuanzia kisababishi, mabadiliko kwenye tishu, hadi dalili iliyomleta hospitali. Kisha mmoja wao asimame na kueleza mtiririko huohuo kwa Kiswahili kama anavyomweleza ndugu wa mgonjwa. Somo linafundishwa kwa Kiingereza na mitihani ni ya Kiingereza, na sitaki kufungua mjadala huo hapa. Lakini wagonjwa wetu hawaulizi kwa Kiingereza, na mwanafunzi anayeweza kusoma aya nzima kuhusu moyo kushindwa kazi bila kuweza kumweleza bibi kwa nini asile chumvi nyingi, hajaielewa ile aya. Wakufunzi wengi tayari tunavuka kwenda Kiswahili tukiona nyuso za darasa zimeganda. Ni heri jambo hilo lipewe nafasi yake kwenye ratiba kuliko kufanywa kwa kuibia.

Haya yote hayatakwenda popote kama mitihani itabaki ilivyo, kwa sababu mwanafunzi husoma kile kitakachoulizwa, na mkufunzi ambaye darasa lake limefeli haulizwi alifundisha kwa kina kiasi gani. Badala ya kuuliza «Taja dalili tano za moyo kushindwa kazi», mtihani unaweza kuuliza kwa nini mgonjwa huyo hukosa pumzi akilala chali na hupata nafuu akiketi. Jibu lake lina hatua zinazosahihishika: akilala, damu iliyokuwa miguuni na tumboni inarudi kifuani; upande wa kushoto wa moyo uliodhoofika haumudu kuisukuma; msukumo kwenye mishipa ya mapafu unapanda; maji yanatoka kwenye kapilari za mapafu na kupunguza nafasi ya hewa. Alama nne kwa hatua nne. Vilevile inawezekana kuuliza kwa nini mgonjwa wa kisukari hukojoa sana na kuwa na kiu, au kwa nini kidonda cha mguuni mwake hakimuumi ilhali kinazidi kuoza. Maswali ya aina hii hayahitaji fedha mpya, maabara mpya wala mtaala mpya. Yanahitaji watunzi wa mitihani wakae na wakufunzi na kukubaliana kwamba kuanzia mwaka ujao wa masomo angalau theluthi moja ya alama za patholojia itatolewa kwa maswali ya kwa nini na vipi, na kwamba mwongozo wa usahihishaji utatoa alama kwa kila hatua ya maelezo, hata kama mwanafunzi ameukosa msamiati mmoja wa Kilatini.

Wako,
Mkufunzi wa chuo cha afya,
Morogoro